Historia Iliyooanishwa ya Nyumbu wa Tolliver Gap

"Wananchi wote wa Tolliver Gap, wa bondeni na wa mlimani, mnajulishwa kwa heshima na taadhima kwamba kuanzia Jumatatu ijayo timu yetu ya besiboli, Nyumbu, haijawahi kufungwa."

Tangazo hilo nililiandika mimi, Wendell Kiser, Katibu wa Kudumu wa Tume ya Mji ya Kuoanisha Historia, nikalibandika kwenye mlango wa posta mwezi Juni, mwaka 1986. Watu walilisoma, wakanunua stempu, wakaenda zao. Hiyo ndiyo dalili ya tangazo lililoandikwa vizuri.

Nyumbu walikuwa timu ya daraja la mwanzo kabisa katika besiboli ya kulipwa. Chini ya daraja lile hakuna daraja jingine. Kuna viti vya watazamaji. Kila kiangazi klabu kubwa ya mjini ilituletea vijana ishirini na watano waliomaliza shule jana, ili wakosee huku milimani, mbali na macho ya watu. Waliochanua walipandishwa juu. Wasiochanua walioa kwetu. Fundi bomba wetu, mwalimu wa hesabu na mchimba makaburi wote waliingia mjini kwa njia hiyo.

Jina la timu lilitokana na nyumbu waliokuwa wakivuta makaa mgodini. Nyumbu walikufa, mgodi ukafungwa, timu ikabaki. Ukiiondoa, Tolliver Gap inabaki na makanisa sita na taa moja ya kuongozea magari, nayo huwaka njano tu.

Kwa hiyo barua ya klabu ilipofika, tuliisoma tumesimama. Ilisema klabu imeamua kuifuta timu moja kati ya timu zake ndogo. Mkaguzi, Bwana Lindqvist, angekuja Agosti kututazama. Kabla ya hapo tupeleke historia fupi ya timu, nusu ukurasa.

Nusu ukurasa ni kazi nzito. Meya Harlan Spradlin akaunda Tume ya watu kumi na mmoja, yenye Kamati Ndogo ya Utangulizi na Kamati Ndogo Zaidi ya Nukta na Mkato. Mheshimiwa Meya alikuwa na maslahi ya kihistoria katika suala hili, maana mwaka 1953, akiwa na miaka kumi na minane, aliwahi kuichezea Nyumbu. Mji mzima uliijua hadithi ile kutoka kinywani mwake: aliupiga mpira ukavuka ukuta, ukavuka kanisa la Wabaptisti, ukatua kwenye behewa la makaa na kusafiri mpaka baharini.

Ili kukamilisha taratibu, tulimwita Bi Ludie Ratliff. Bi Ludie, mwenye umri wa miaka sabini na minne, alikuwa ameandika kila mchezo wa Nyumbu tangu mwaka 1949, mpira kwa mpira, kwenye madaftari thelathini na saba.

"Bi Ludie," Meya alianza kwa upole, "wewe ni kama mama yetu. Hebu tusomee tarehe kumi na mbili Julai, hamsini na tatu."

Bi Ludie akavaa miwani. "Spradlin, H. Aliingia zamu ya nane. Mpira ulimgonga makalioni, akapewa kituo cha kwanza bure. Akakiacha kituo, akainama kufunga kamba ya kiatu. Akaguswa na mpira, akatolewa."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo ukaenda kuuza bima."

Meya alikohoa. "Labda hukuona vizuri, mama. Jua lilikuwa linakupiga machoni."

"Kulikuwa na mvua, Harlan. Nimeandika hapa pembeni."

Tume ilijikuta na karatasi moja kavu upande huu na kumbukumbu ya Meya mzima upande ule. Tukapitisha kwa kura zote kwamba historia ioanishwe. Mjumbe mmoja alikuwa amesinzia; tulimhesabu kuwa ameafiki kwa kina.

Bi Ludie alisimama akakusanya madaftari yake. "Andikeni mnavyotaka. Lakini mkisema Nyumbu hawajawahi kufungwa, mnawafuta waliofungwa. Kuna vijana walikuja hapa wakapigwa kiangazi kizima, na kila siku walivaa viatu wakaingia uwanjani. Nao wana majina, Harlan."

Katika kumbukumbu za kikao niliandika: "Bi Ratliff alitoa maoni."

Madaftari tulimpokonya, yakafungiwa kwenye kabati la Meya kama nyaraka nyeti. Kiti chake cha uandishi akapewa Doyle, shemeji yake Meya, mwenye duka la mazulia. Doyle hakuujua mchezo hata kidogo, sifa iliyomweka mbali na upendeleo. Nilimwandalia mwongozo. Kifungu cha nne kilisema: "Mchezaji wa Nyumbu akikosa mpira, iandikwe kwamba mpira umemkosa."

Matokeo ya jumla hatukuweza kuyaoanisha, kwa sababu timu pinzani nazo zilikuwa na kalamu. Tulipofungwa tuliita ushindi ulioahirishwa. Lakini sifa za kila mchezaji zilikuwa mikononi mwetu, na Doyle alizigawa kama pipi. Kila Ijumaa nilizipeleka klabuni kwa posta.

Klabu ikazisoma, ikapagawa. Wiki ya kwanza ikawapandisha daraja vijana watatu. Wiki ya pili ikachukua sita. Nilibandika matangazo ya pongezi mpaka gundi ikaisha. Ndipo kocha, Cleve Stallard, mtu wa maneno machache na tumbaku nyingi shavuni, akaingia ofisini bila kubisha.

"Wendell, wamemchukua Purvis."

"Hongera sana!"

"Hongera nini wewe? Purvis hajagusa mpira tangu aje. Juzi kagongana na nguzo."

"Takwimu zinasema..."

"Takwimu zako zimenilia wachezaji kumi na saba, bwana! Nimebaki na wanane. Mchezo huu unachezwa na tisa. Jumapili mkaguzi yuko hapa, na tusipotimia tisa, timu inafutwa papo hapo, yeye aangalie saa yake arudi zake mjini."

"Si uombe wengine?"

"Nimeomba. Wamecheka. Wanasema timu yenye sifa kama hizi haihitaji msaada."

Nilimshauri ajaze fomu. Alitazama fomu, akatazama kikapu changu cha taka, akakichagua kikapu kwa ajili ya tumbaku yake. Kisha akaondoka kuelekea nyumbani kwa Bi Ludie.

Jumapili mchana uwanja ulijaa. Watu mia nane, soseji kwenye mikate, karanga za kuchemsha, watoto mabegani. Bwana Lindqvist alikuwa mtu mrefu, mwenye uso wa daktari anayejua jibu. Meya alishika kipaza sauti akazungumza dakika ishirini. Mpira wake wa 1953 ulivuka ukuta, ukavuka kanisa, na safari hii ukavuka bahari yenyewe.

Alipomaliza, Cleve alivua kofia. "Mheshimiwa, nashukuru. Mimi nina shida ya mchezaji mmoja. Kanuni za ligi zinasema mtu aliyesaini timu na hajawahi kupewa barua ya kuachwa, bado ni mchezaji wa timu. Bi Ludie anasema wewe hukuachwa. Ulikwenda kula chakula cha mchana, hukurudi."

Uwanja ulilipuka. "Harlan! Harlan!" Mwanamke mmoja nyuma ya karanga alipaza sauti: "Tuonyeshe behewa la makaa, Mheshimiwa!"

Bwana Lindqvist akafungua nakala yake ya nusu ukurasa. "Ningependa sana kuona," alisema, na nadhani hakuwa anatania.

Meya akaniinamia sikioni. "Wendell, hakuna kifungu cha kunitoa hapa?"

"Nimepekua, Mheshimiwa. Vifungu vyote vinakutukuza."

Akavaa jezi. Vifungo vitatu vya chini vilikataa kazi.

Bwana Lindqvist alikaa kwanza mezani kwa Doyle. Akaonyesha alama moja kwenye karatasi. "Hii maana yake nini?"

Doyle alifikiri. "Hiyo ni furaha," alisema.

Mkaguzi akainuka taratibu, akapanda mpaka safu ya tatu, ambako Bi Ludie alikuwa ameketi na daftari la shule mapajani. Ikabainika kwamba kiangazi chote alikuwa analipia kiingilio na kuandika kila mchezo, bila cheo wala meza. Mkaguzi hakutoka pale tena.

Kuhusu mchezo wenyewe naeleza kwa ufupi. Mara ya kwanza Meya aliposhika kigongo, alizungusha kabla mpira haujarushwa. Mara ya pili, baada ya kudakwa. Upande wa nyuma wa uwanja alikimbilia mipira kama mtu anayemfukuza kuku wa jirani huku jirani akitazama. Mpaka zamu ya tano alikuwa bado anapunga mkono kwa wapiga kura. Zamu ya saba aliacha kupunga. Zamu ya tisa mpira ulipaa juu upande wake, akaukimbilia kwa moyo wote, akajirusha kifudifudi, akaukosa kwa kiganja kimoja. Alibaki pale chini, mdomo umejaa majani. Kijana wa kituo cha pili akakimbia kumwinua, akamkung'uta vumbi. Watu walipiga makofi, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi hakuna aliyewaagiza.

Kumi na nne kwa tatu. Tulifungwa. Lakini tulitimia tisa.

Bwana Lindqvist alisema maneno machache. "Klabuni nina watu mia tatu wa kuniambia mambo ni mazuri. Sina hata mmoja wa kuniandikia alichokiona. Timu inabaki, ili mradi mama huyu aandike. Na fungueni hilo kabati." Purvis na wenzake kumi na sita walirudi kwa basi siku nne baadaye, wakiimba. Huko juu walikuwa wanarushiwa mipira wasiyoiona kabisa.

Jumapili ile, watu walipokuwa wanatawanyika, Meya alikuja safu ya tatu akichechemea. Vijana wanane walikuwa wameketi chini yake kidogo, wanavua viatu.

"Umeandika nini, Bi Ludie?"

"Umetolewa mara nne. Makosa uwanjani, manne."

Akashusha sauti. "Si ungeandika moja tu?"

"Naweza." Bi Ludie akageuza kalamu. "Ila mipira ilianguka kweli, kila mtu kaona. Matatu yaliyobaki lazima nimpe mtu. Nichagulie. Nimpe yule aliyekuinua?"

Meya alimtazama kijana yule, aliyekuwa anakung'uta mchanga kutoka kwenye soksi. Alimtazama kwa muda mrefu, kwa viwango vya siasa.

"Yaache," alisema.

Tume ilikutana Jumanne, ikakosa la kuoanisha, ikajivunja. Sasa historia ya Nyumbu ni nusu ukurasa kwa mwandiko wa Bi Ludie, na sehemu kubwa ni majina ya waliofungwa. Tarehe ya Jumapili ile imetajwa. Makosa manne katika mchezo mmoja, Meya akiwa madarakani: ligi imethibitisha kwamba hakuna mji mwingine wenye rekodi hiyo. Ndiyo rekodi pekee tuliyo nayo, na haikuhitaji kupitishwa na kamati yoyote.