Mdaiwa Ahamie Karagwe

Jumatatu, 3 Juni 2024

Uniwie radhi, shajara. Tangu Pasaka sijakuandikia. Nina uchungu! Nestory, kaka wa mke wangu, aliazima mtumbwi wangu wa kukamulia ndizi, akaupeleka kwake Nyakatuntu, wilayani Kyerwa. Sasa anadai nilimpa. Mtumbwi wa marehemu baba! Binti yetu Ainembabazi anaolewa mwezi ujao. Rubisi, pombe ya ndizi ya harusi, ikamuliwe kwenye pipa la plastiki? Nyakahanga nzima itanicheka.

Nimekwenda mahakama ya mwanzo ya hapa Karagwe. Karani Deodatha ameniamkia shikamoo, kisha ameuliza mdaiwa anaishi wapi. Kyerwa. Na mtumbwi? Huko huko. Basi kesi ifunguliwe huko, amesema. Mdai humfuata mdaiwa. Mimi mwenye mali nimfuate mkosaji! Kule yeye ni kiongozi wa kwaya. Nani atatoa ushahidi dhidi yake? Siendi.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata njia. Mdaiwa ahamie Karagwe! Nimempigia Nestory simu kwa sauti ya upole, nikamwalika akae nasi. Amekubali upesi mno. Mke wangu Adelgunda ameimba kwa furaha. Hajui kitu.

Jumatatu, 10 Juni

Nestory amefika jana kwa bodaboda. Amekalia kiti changu. Amemaliza sufuria ya ndizi na maharage, kisha: "Shemeji, hapa kwenu chumvi ni ya Krismasi tu?" Nimevumilia.

Leo Deodatha amesema mgeni si mkazi. Haya! Nimekwenda kwa Kaijage, mwenyekiti wa kitongoji, nikaapa kwamba Nestory amehamia kwangu moja kwa moja. Kaijage ameshika kichwa. "Mzee Byabato, shemeji yako yule? Moja kwa moja?" Ndiyo! Amemtangaza mkutanoni. Watu wamepiga makofi.

Alhamisi, 13 Juni

Balaa! Nestory amehamia kweli. Ameleta kitanda, kuku na mtumbwi. Anakamua ndizi zangu katika mtumbwi wangu, chini ya migomba yangu, na kuwauzia majirani zangu rubisi! Nimemwambia aondoke. Amecheka: "Niende wapi, Shemeji? Si uliapa mwenyewe kwamba nimehamia?"

Deodatha amesema sasa naweza kumshtaki hapa hapa. Lakini shahidi wangu mkuu ni Kaijage, naye Nestory humnywesha rubisi bure.

Adelgunda amesema mtumbwi umerudi nyumbani, rubisi ya harusi itakamuliwa humo, kesi ya nini tena? Adelgunda haelewi kanuni.

Jumamosi, 15 Juni

Nimewaza vizuri. Nyumba ya Nestory kule Nyakatuntu ni tupu, na wanakwaya wamemkasirikia kwa kuwatelekeza. Alfajiri, Nestory akikoroma, nimepakia mtumbwi kwenye pikapu ya kukodi. Nahamia Kyerwa! Sasa mimi ndiye nitakayeshtakiwa, na yeye ndiye atakayenifuata. Kanuni ni kanuni.

Adelgunda ametoka mbio na khanga begani, akiuliza rubisi ya harusi itakamuliwa wapi. Nimemwambia mambo ya sheria hayaingiliwi na harusi. Dereva ameondoa gari. Mahakama ya kule ikishaamua, nitachukua kalamu nikuandikie tena, shajara.