Msiba wa Bibi Nyanjige

Jumatatu, 5 Mei 2025

Jaribio la takwimu ni keshokutwa saa nane mchana. Sijafungua daftari tangu Pasaka. Nimefikiria kuugua, lakini Dokta Mwandu anayetufundisha hudai cheti cha hospitali. Msiba hauna cheti. Bibi yangu Nyanjige yuko kijijini, Lagangabilili. Ana miaka themanini na mbili na hana simu. Hatajua. Mpango safi kabisa.

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda kwa Dokta nikiwa nimejipaka kitunguu kwenye kope. Sikukihitaji. Alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema na yeye alilelewa na bibi. Ruhusa nimepata. Nilijisikia vibaya mpaka nilipofika kantini.

Jioni mambo yameharibika. Habari zimefika kwenye jumuiya yetu ya sala. Mwenyekiti ni Joyness, aliyenishinda uchaguzi kwa kura thelathini na moja kwa mbili. (Moja yangu. Ya pili sijui ya nani.) Amekuja hadi mlango wa bweni na unga, maharage na orodha ya waimbaji. Nikamwambia wameshazika. Akasema basi watakwenda kuhani. Nikasema ni mbali. Akasema Padre mlezi ametoa pikapu yake. Nikamkumbusha kuwa naye ana jaribio kesho, tuko darasa moja. Akanijibu kwamba ndugu haachwi na msiba peke yake.

Jumatano, 7 Mei

Tumeondoka Bariadi asubuhi, watu saba. Wameimba njia nzima. Nilisali gari liharibike. Gari la Padre ni zima.

Bibi alikuwa uani anachambua pamba. Wasichana walianza kulia kabla hata ya kushuka. Bibi alipoona wanachuo wanalia akaamini wamemletea habari za kifo changu. Akajitupa chini, akalia kuliko wote. Ikabidi nijitokeze. Akanishika uso kwa vidole vyenye nyuzi za pamba, akamshukuru Mungu kwa Kisukuma, muda mrefu.

Kisha akauliza, nani basi amefariki? Joyness akasema wamekuja kuhani msiba wa Bibi Nyanjige.

"Nyanjige ni mimi," Bibi akasema.

Hakuna aliyecheka. Waimbaji walitazama viatu vyao. Bibi aliwatazama, akanitazama mimi, akauchukua unga wa rambirambi akaenda kusonga ugali. Alisema wageni hawarudi na njaa. Tumekula matanga yake, yeye mwenyewe akitugawia.

Wakati wa kunawa aliniuliza polepole, "Marcelo, nilikukosea nini?"

Nikaendelea kummwagia maji mikononi. Tumerudi Bariadi jioni, jaribio limeshapita.

Alhamisi, 8 Mei

Dokta amekataa kumpa Joyness jaribio jingine, maana hakufiwa wala hakuugua. Ndiye wa kwanza darasani. Sasa ana sifuri, na ni kwa sababu yangu. Hakunitaja. Amenikuta nje ya kanisa akasema niende mwenyewe kwa Dokta nikaseme ukweli kabla ya kesho saa sita, nisipokwenda ataandika yeye. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeamka nimeazimia kusema kweli. Nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo mpaka saa sita ikapita. Saa saba nimeingia kwa Dokta, nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kwamba Joyness ana homa ya matumbo, hawezi hata kusimama, aonewe huruma. Nia yangu ilikuwa njema.

Dokta alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanisogezea barua ya kurasa mbili, mwandiko wa Joyness. Lagangabilili yote imo, mpaka ugali. Akasema Joyness atafanya jaribio Jumatatu. Kuhusu mimi, aliuliza kama nina la kuongeza.

Nikamwambia homa ya matumbo ikishapanda kichwani, mtu huandika hata mambo kama hayo.