Ukoo wa Mwalimu Makuei Wahamia Windows Mpya

Jumatatu, 6 Oktoba 2025. Lodwar.

Nimepata! Shida zangu zimefika mwisho, na zimemalizwa na watu wa ng'ambo wasionijua. Tarehe 14 mwezi huu wenye Windows wanaacha kuihudumia ile ya kumi. Hawasemi itazimika. Wanasema tu hawatailinda tena. Lakini nani hapa Lodwar ana muda na maandishi madogo? Nimechapisha tangazo: WINDOWS YA ZAMANI INAKUFA JUMANNE IJAYO. HAMIA MPYA LEO. FUNDI EKURU. Nimelibandika mlangoni, kwenye nguzo ya stima, na kwenye ukuta wa kanisa. La kanisani limebanduliwa kabla gundi haijakauka.

Kufikia adhuhuri, wateja wanne. Wa kwanza alikuwa Fowsiya, anayekata tikiti za basi. Nikamwekea Windows mpya, nikaondoka kifua mbele. Saa moja haijaisha, simu. Fowsiya anawaka. Kitufe cha kuanzia kimetoka kwenye kona kimehamia katikati, kwa ruhusa ya nani? Nikamwambia hayo ndiyo maendeleo. Akasema abiria wamejaa mpaka nje na maendeleo hayawakatii tikiti. Nilipokwenda nikakuta amepaka tone la rangi ya kucha kwenye kona ya skrini, mahali kitufe kilipokuwa, na bado anabofya hapo hapo kwa hasira.

Jumatano, 8 Oktoba. Lodwar.

Wote wanne wanataka ya zamani irudi. Karani wa ofisi moja ameniandikia malalamiko kwa Kiingereza, kurasa mbili, kana kwamba nimemuua mtu. Kompyuta yake ni kuukuu, ilikataa Windows mpya waziwazi, ikaandika kwamba haifai. Mimi nikailazimisha kwa ujanja niliouona kwenye video. Sasa inachukua muda wa kuchemsha chai ndiyo ifungue ukurasa.

La kuudhi zaidi: Fowsiya anasema kitufe kimerudi kwenye kona. Nani amekirudisha? Abdijabar wa Kakuma! Kwa simu! Kwa dakika moja! Huyo Abdijabar ana duka la kompyuta huko sokoni na kila mtu anamsifu utadhani ndiye aliyeleta umeme. Nimeamua. Ninahamia Kakuma mpaka tarehe 14 ipite. Nitamnyang'anya wateja mbele ya pua yake, na malalamiko ya Lodwar hayatanifikia.

Ijumaa, 10 Oktoba. Kakuma.

Nimeanza vibaya. Nilitafuta mahali pa kuweka meza, nikakosa. Abdijabar akaniona nimesimama juani na mkoba wangu, akanipa meza kwenye baraza la duka lake. Bure. Akaniletea na chai. Nimeinywa kwa chuki.

Nimemchunguza kazi yake. Mteja akileta mashine, kwanza anaupakua kila waraka na kuuweka kwenye diski ya pembeni. Nusu siku! Kisha anamuuliza mteja kama kweli anataka mpya. Wengi wanasema hapana, na yeye anawaacha waende zao. Huo si ufundi, ni woga.

Saa tisa nikapata mteja wangu wa kwanza, Mwalimu Makuei. Ni Mnuer kutoka Sudan Kusini, anafundisha shule ya msingi kambini. Amesoma tangazo langu nililobandika mezani na ana hofu. Ndani ya laptopu yake mna waraka mmoja tu wa maana: ukoo wao, majina ya mababu vizazi saba. Bibi yake aliyataja kabla hajafa mwaka jana, na hakuna mwingine aliye hai anayeyajua yote. Wiki ijayo, Jumamosi, wazee wa pande mbili wanakaa kwa ajili ya Nyakim, binti wa marehemu kaka yake. Kwao huwezi kuolewa na mtu mnayechangia damu. Kila upande unataja mababu, jina kwa jina, na wakikutana popote, hakuna harusi. Mtoto wa ndoa ya namna hiyo, wanasema, haishi.

Nikamhakikishia kwamba ukoo wake utakuwa salama kuliko fedha za benki. Abdijabar akanikumbusha kwa upole ninakili kwanza. Nikasema ndiyo, ndiyo. Mtu anapenda kufundisha watu!

Jumamosi, 11 Oktoba. Kakuma.

Ewe Ekuru, ewe mjinga mkubwa.

Mashine ikauliza niweke Windows wapi. Ikanionyesha orodha ya vyumba vya diski, mnamokaa nyaraka. Kila nilichochagua, ikakataa. Abdijabar alikuwa ameanza kunikaribia aone kama nimekwama. Nikafuta vyumba vyote ili isonge mbele. Ikasonga. Ikang'aa. Ua la bluu zuri sana kwenye skrini. Ndani hamna kitu.

Nimejaribu programu tatu za kufufua. Imefufuka picha ya mbuzi na nusu ya mtihani wa hesabu.

Jumatatu, 13 Oktoba. Kakuma.

Mwalimu Makuei amekuja kuichukua. Amelipenda ua. Hakupenda kitu kingine chochote. Akauliza kwa nini mashine inamtaka afungue akaunti ndipo amsalimie, wakati amekuwa nayo miaka minane. Kisha akaomba nimchapishie ule ukurasa wa majina.

Nikasema waraka bado unahama, unahama polepole kwa sababu ni mzito. Akakubali! Mtu msomi! Nikamwomba anitajie majina anayoyakumbuka ili nihakikishe yamefika salama. Akanitajia manne, hayo kila mtu wa kwao anayajua. La tano, la sita na la saba, akasema, yalikuwa ya bibi.

Basi nina manne. Nahitaji matatu. Mtu hawezi kushindwa na majina matatu.

Jumanne, 14 Oktoba. Kakuma.

Siku ya kifo. Watu kama thelathini walikusanyika barazani kuiona Windows ya zamani ikifa. Mama mmoja alileta kiti. Saa sita ikafika, ikapita. Kompyuta kuukuu ya Abdijabar ikaendelea kuchapisha fomu za watu bila hata kukohoa. Wakanigeukia. Nikaeleza kwamba inakufa ndani kwa ndani. Mwenye kiti akataka kujua ni nani atamlipa muda wake.

Abdijabar akawaambia taratibu kwamba mashine zao zitafanya kazi, ila wawe waangalifu na mtandao. Wakatawanyika wakimshukuru. Yeye! Sijawahi kumchukia jirani yangu kiasi hiki.

Jumatano, 15 Oktoba. Kakuma.

Bahati imenikumbuka. Nilikuwa mkahawani kwa Wahabeshi, nimeinama juu ya kahawa, nikasikia mzee mmoja akizungumza Kinuer na mwenzake. Anaitwa Reath. Nikamsalimia, nikajitia mtafiti, nikasema nakusanya majina ya kale ili yasipotee. Mzee akafurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Tangu akimbilie Kakuma, akasema, hajawahi kuulizwa na Mturkana jina la babu yake. Akanitajia mababu zake mwenyewe, saba, taratibu, akihesabu kwa vidole. Akanilipia kahawa.

Nimechukua matatu ya juu kabisa: Bidong, Thoan na Yiec. Watu wa zamani kiasi hicho, nani atawafuatilia? Nimeyapanga juu ya yale manne ya Mwalimu, kwa herufi nzuri, na ua dogo pembeni. Kazi safi kuliko ya asili.

Jumamosi, 18 Oktoba. Kakuma.

Jana nilimpa Mwalimu karatasi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akanialika kwenye kikao cha leo nikae na wazee wa upande wao. Nikasingizia tumbo.

Afadhali. Saa kumi amekuja barazani peke yake, koti la harusi mkononi, uso umemshuka. Kikao kilianza vizuri. Upande wa bwana harusi, kijana Lony, ulitaja kwanza. Aliyetaja ni baba yake mkubwa, mzee aitwaye Reath.

Nilishika meza.

Mzee akataja mpaka wa saba. Kisha Mwalimu akasoma karatasi yangu. Alipofika Bidong, mzee Reath akasimama. Alipofika Thoan, wanawake wakaanza kulia. Nyakim na Lony ni damu moja, kizazi cha tano. Harusi imevunjwa hapo hapo, ng'ombe wa mahari waliokuwa wametajwa wamefutwa. Nyakim alipinga. Alisema ni yeye aliyeyaandika majina hayo akiwa darasa la nane, amekaa miguuni pa bibi, na hakumbuki Bidong yeyote. Wazee wakamwambia mtoto husahau. Mwalimu mwenyewe naye alimkanya.

Akaniambia, kwa sauti ndogo, "Mimi niliwaambia, hii kompyuta haina upande. Haijui Lony, haijui sisi. Yenyewe inasema tu."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilitaka ardhi ipasuke.

Jumatatu, 20 Oktoba. Kakuma.

Sikukuu, duka limefungwa nusu mlango. Nyakim amekuja. Ni mrefu, amekulia hapa kambini, Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Hakuketi. Akauliza kama Windows ya zamani bado ipo mahali popote ndani ya mashine, hata kidogo, ili tuangalie ule waraka kama alivyouandika.

Nikamweleza kuhusu mfumo, na kuhama, na usalama. Maneno mengi. Akanisubiri nimalize.

"Kaka Ekuru," akasema, "nina mimba ya miezi mitatu. Mama yake Lony ameanza kumlilia huyu mtoto na bado hajazaliwa. Niambie tu kama ile karatasi ilitoka kwenye mashine."

Mungu ni shahidi wangu, nilifungua mdomo. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nilikuwa naona huruma ambayo sijawahi kuiona. Ndipo Abdijabar akatoka dukani na vikombe vitatu vya chai, akasimama pale pale kati yetu, akamwambia Nyakim asihuzunike, kwamba wakitaka wazee waite kikao kingine, na kama mashine ilikosea fundi atasema, fundi ni mtu mkweli. Akaniangalia.

Nikamwona Abdijabar atakavyosimulia. Nilikuambia unakili. Nikaona Kakuma nzima, na Lodwar, na Fowsiya na tone lake la rangi ya kucha, wote wakinicheka.

Nikasema, "Ilitoka kwenye mashine, dada."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei. Akaondoka bila kunywa chai. Kikombe chake nilikimwaga mimi.

Jumatano, 22 Oktoba. Kakuma.

Nimekwenda mpaka kwa Mwalimu niseme ukweli. Nimekwenda kwa miguu, kwenye vumbi, nikiyapanga maneno. Abdijabar hajui, kwa hiyo hakuna wa kunicheka. Nilikuwa nimeamua kabisa.

Nyumba imefungwa. Jirani akasema Nyakim ameondoka jana na basi la Juba, kwa shangazi yake. Lony ametoka alfajiri kumfuata, wazee wamemkamata njiani na kumrudisha, wamemfungia chumbani kwa mzee Reath. Anagonga mlango mpaka sasa. Niliposimama vizuri nilimsikia, vichochoro viwili mbele.

Nikakaa kwenye jiwe. Nikafikiri: sasa nikisema, itasaidia nini? Binti yuko mbali. Nitawaongezea tu maumivu. Nikarudi. Njia nzima nilikuwa mwepesi, na wepesi huo ulinitia aibu mpaka nilipofika sokoni.

Ijumaa, 24 Oktoba. Kakuma.

Sijui nianzie wapi! Mwalimu Makuei amekuja asubuhi, amekonda, na nyuma yake watu sita wamebeba laptopu. Nikajua nimekwisha. Nikatafuta njia ya nyuma, baraza halina nyuma.

Kumbe wamekuja kunishukuru. Mwalimu akawaambia mbele ya soko zima kwamba bila fundi Ekuru na Windows yake mpya, ukoo wao ungeingia katika aibu isiyofutika. Akalia. Mimi pia nikalia kidogo, sijui kwa nini. Hao sita wana koo zao ndani ya mashine, na vijana wa kuozesha, na wanataka zote zihamie mpya kabla ya Krismasi. Kwangu! Si kwa Abdijabar! Amesimama mlangoni na diski yake ya pembeni mkononi, anauliza kama nitaihitaji. Nimemwambia asante, ndugu, sisi wengine tuna uzoefu.

Nimekaa chini nikatafakari kosa langu, kwa maana mtu lazima ajifunze. Kosa lilikuwa kuchukua majina kwa jirani. Wakati mwingine nitayatoa mbali, Lokori au Todonyang, ambako hakuna anayeoana na hawa.

Mashine ya kwanza iko mbele yangu. Imeuliza kama nina hakika nataka kufuta kila kitu. Nimebofya ndiyo.