Mawimbi Yangu Mpaka Jumamosi

Jumapili, 1 Julai 1951. Nachingwea

Nina mawimbi! Mimi, Josephina, ambaye shuleni hata Sista huniita "yule mwingine". Nimejitazama kwenye kioo cha Baba cha kunyolea mpaka Mama akauliza kama nimepoteza kitu humo ndani.

Ni kazi ya Shangazi Albina. Yeye ni yaya kwa Wazungu wa Mradi wa Karanga. Kesho wanahamia Lindi, naye anakwenda nao. Leo baada ya misa alikuja na vyombo vya Memsabu wake: kitana cha chuma, na koleo refu lenye mdomo wa mviringo. Akavipasha moto juu ya mkaa. Kwanza alininyoosha nywele kwa kitana. Zikalala kama nyasi zilizopitiwa na trekta. Kisha akazishika kwa koleo, fungu baada ya fungu, akazisokota, akaziachia. Zikaanguka zimejiviringa kama maganda ya randa katika karakana ya Baba! Harufu ilikuwa ya kuku anayebabuliwa manyoya. Sikujali. Nilishikwa na kicho, kama kanisani kengele inapolia na wote kupiga magoti.

Na ajabu kuliko yote ni hii. Memsabu nywele zake zimenyooka tangu azaliwe, naye huziunguza ili zijikunje. Zangu zimejikunja tangu nizaliwe. Imebidi ziunguzwe zinyooke, ndipo ziunguzwe tena zijikunje! Nimelifikiri jambo hili mchana kutwa. Sijaona mwisho wake.

Sasa shida. Jumamosi dada yangu Magreti anaolewa, nyumbani kwetu Mbekenyera, na mpiga picha anakuja kutoka Lindi. Mimi ndiye msimamizi wa bibi arusi. Picha niliyowahi kupigwa ni moja tu, ya shule, na siku ile nilijibanza nyuma ya msichana mrefu kwa aibu. Mama aliitafuta sura yangu mle, akachoka, akairudisha kabatini. Jumamosi nitaonekana. Nimeapa! Kwa mawimbi haya naweza kusimama mbele ya mtu yeyote. Bila haya nitajificha tena, najijua.

Lakini koleo linaondoka kesho. Hakuna mara ya pili. Shangazi amenionya kwamba maadui ni watatu: maji, jasho na mvuke. Mmoja tu akigusa, nywele zinakumbuka kwao.

Jumatatu, 2 Julai

Nimelala nimekaa, mgongo ukutani, kichwa kimefungwa kitambaa laini alichoniachia Shangazi. Asubuhi shingo imekataa kugeuka kushoto. Mawimbi mazima! Nimemshukuru Mungu nikitazama kulia.

Shangazi ameondoka. Nyumba nzima ililia. Mimi nililia nimeinama, ili machozi yaanguke moja kwa moja chini yasipitie pembeni.

Kisha zamu yangu ya maji. Kujitwika haiwezekani: kata inabonyeza na ndoo inamwagika. Nikaibeba ndoo kifuani kama mtoto mchanga. Biasha, binti wa jirani, akauliza mbele ya foleni yote ya bomba kama mwanangu ameshaota meno. Nilitaka kumjibu. Jibu lilikuja nilipokuwa nimeshafika nyumbani, kama kawaida yangu. Gauni limelowa mpaka chini, ndoo ina maji ya kunawa mtu mmoja. Mama aliniuliza kama kichwa hiki nimekiazima. Nikasema kwa namna fulani ndiyo, mpaka Jumamosi.

Jumanne, 3 Julai

Leo mvuke. Ni zamu yangu kusonga ugali. Kitabu changu cha sayansi kinasema mvuke hupanda juu. Basi msongaji akiwa chini ya sufuria, mvuke hautamkuta! Nimeshangaa kwamba wanawake wote wa Nachingwea hawajalifikiria jambo hili. Nikalala kifudifudi, mkono nimeuinua, nikasonga bila kuona. Mawimbi salama. Ugali, hapana. Baba alitafuna, akatafuna tena, kisha akasema kule karakana wana kitu kama hiki, wanazibia nyufa.

Jioni balaa. Bi Mwantumu amekuja! Ni mtani wetu kwa ukoo wa Baba, anakaa nyumba ya tatu, kichwa amekinyoa chote, anauza vitumbua na sauti yake inafika stesheni. Mtani kwenye arusi anaweza kukumwagia maji, kukupaka majivu, kuondoka na sufuria ya wali, na huna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika anaaibisha nyumba nzima.

Ameniona. Amenizunguka kama mtu anayenunua mbuzi. Akamwuliza Baba tangu lini watumwa wake wanasukwa kama mabibi wa Kizungu. Akatangaza kwamba kichwa hiki ni mali yake, kwa kuwa babu yake alimnunua babu yangu kwa nusu kibaba cha chumvi, na Jumamosi atakuja na ndoo kukiosha apate kukiona vizuri. Wote wakacheka. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilitazama miguu yangu. Sina ulimi wa utani. Sina ulimi wa kitu chochote.

Jumatano, 4 Julai

Nimepata mpango. Kitu kilichoshikwa na mtani hukombolewa! Nikamchukua jogoo wa Mama, yule mwekundu, kwa siri, nikampelekea Bi Mwantumu. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba hii ni fidia ya kichwa.

Akampokea kwa mikono miwili. Akanibariki. Akanisifu kwamba nina adabu kuliko ukoo wangu wote ukijumlishwa. Nilirudi nyumbani nikitembea juu ya mawingu, nikistaajabia jinsi elimu inavyomsaidia mtu.

Saa kumi alipita na bakuli la mchuzi, akamwonjesha Mama. Mama akasifu. Bi Mwantumu akamwambia anasifu jogoo wake mwenyewe. Kisha akanigeukia mimi: yule jogoo alikuwa mdogo, ametosha fidia ya masikio tu. Masikio nimeyakomboa, niende nayo popote. Nywele bado.

Tangu saa kumi Mama anahesabu kuku wake waliobaki, akinitazama.

Alhamisi, 5 Julai. Mbekenyera

Safari kwa lori. Vumbi, upepo, jua! Lakini nilijiandaa. Nilichukua tenga la kuku, nikaligeuza juu chini, nikalivaa kichwani, juu yake kanga ya Mama. Hewa inapita, vumbi halipiti, mawimbi hayabonyezwi. Sijawahi kuona chombo kilichobuniwa kwa akili zaidi, ingawa kilibuniwa kwa ajili ya kuku.

Utingo akauliza mle ndani wamo kuku wangapi. Bi Mwantumu (naye yumo, bila shaka!) akamjibu ni mmoja tu, anaatamia, asipigiwe kelele. Tangu hapo kila lori lilipoingia shimoni abiria walikuwa wakiuliza kama mayai ni mazima. Ruangwa tuliposimama, wauza miwa walikuja kuchungulia. Niliwaona kupitia matundu. Wao hawakuniona. Nakiri nilifurahi kidogo. Laiti mtu angeweza kwenda kila mahali namna ile.

Mbekenyera wanavuna ufuta. Miganda imesimamishwa mashambani kama watu walio katika maombi. Nikavua tenga. Magreti akapiga kelele: mawimbi yote yapo! Akaita shangazi wadogo waje kuona. Waliyagusa kwa ncha ya kidole. Mmoja aliuliza kama yanauma. Hakuna aliyeniita "yule mwingine".

Ijumaa, 6 Julai

Watani wameanza leo. Mjomba kamwagiwa maji ya majivu akiwa na shati lake jeupe, akacheka kwa meno tu. Bi Mwantumu kapita mlangoni na ndoo, ananiita kuku wake nitoke nipate maji.

Mpango mpya. Mgonjwa haguswi! Nikajilaza chumbani kwa Bibi, nikasema nina homa. Nilikuwa nimekaa karibu na jiko kwanza, hivyo paji la uso lilikuwa la moto. Nilijistaajabia. Bibi, mzaa mama yangu, ambaye Kiswahili chake ni kidogo na Kimwera chake hakina mwisho, alinishika shingo, akasikitika, akatoka.

Akarudi na chungu kinachochemka, kimejaa majani. Na blanketi.

Nilikuwa nimesahau! Kwetu homa hufukizwa.

Nilimwambia nimepona. Akasema homa ndiyo inayosema hivyo. Nikamweleza kwamba kitabu cha afya kinashauri mgonjwa wa homa apate hewa baridi. Akaniuliza kitabu hicho kimezaa watoto wangapi. Akanifunika. Jirani yake akashika pembe mbili za blanketi, yeye mbili. Mvuke! Jasho! Maji! Maadui wote watatu chini ya blanketi moja! Nilipigana kama mbuzi. Nikafaulu kutoa upande wa kulia wa kichwa nje. Wa kushoto ulibaki ndani mpaka chungu kikapoa.

Kulia: mawimbi, yote. Kushoto: zimekumbuka kwao. Zimesimama kama kichaka cha Nambambo, ukingoni mwa mashamba ya Mradi, ambacho trekta halijakifikia.

Bibi anasema naonekana mzima kabisa sasa.

Jumamosi, 7 Julai

Nitaandika polepole, nisisahau kitu.

Asubuhi nilikuwa na mpango. Mimi ni kama mwezi, nikawaza, unaoonyesha upande mmoja tu. Nitasimama mwisho wa mstari, kulia kwangu kukielekea kamera. Kanisani nilikwenda hivyo hivyo, upandeupande kama kaa. Magreti alikuwa mzuri kiasi kwamba nilisahau kutembea. Shemeji Kipriani, mwalimu anayefundisha hesabu, alikosea jina lake mwenyewe mbele ya Padre.

Kisha picha, nje ya kanisa. Kijiji kizima kilikuwapo. Mpiga picha akaingia chini ya kitambaa chake cheusi, akatoka, akanitazama. Akasema yule mfupi wa pembeni aje mbele, katikati. Mimi! Akanishika mabega akanielekeza uso mbele, pande zote mbili wazi. Nikasikia mnong'ono ukipita kama upepo kwenye ufuta. Mtoto mmoja akauliza kwa nini dada amechanwa nusu. Nyuma ya shela ya Magreti palikuwa na nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Nikapima kwa jicho. Hatua moja tu.

Hapo ndipo Bi Mwantumu akatokea na ndoo. Akapita mbele ya wote, akasimama, akaniuliza kwa ile sauti:

"Wewe mtumwa wangu! Nusu umeosha mwenyewe, nusu umeniachia mimi?"

Kijiji kikaanguka kwa kicheko. Na mimi, ambaye majibu yangu hufika kesho yake, nikasikia mdomo wangu ukifunguka.

"Bi Mwantumu, mtumwa wa babu yangu! Nywele zangu unataka ukazipande wapi? Kichwa chako ni kama shamba la Mradi wa Karanga, kimefyekwa chote na hakijaota kitu!"

Nilisema kwa kelele. Mimi! Kuku waliokuwa kwenye paa la jiko la Padre waliruka.

Kisha Baba, ambaye kazi yake ni huo huo Mradi, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Bi Mwantumu aliketi mavumbini na nguo yake ya arusi, akipiga ardhi kwa viganja, machozi yanamtoka. Akapiga vigelegele. Akamwita Mama aje asikie. Akasema amekaa karibu na nyumba hii miaka yote akidhani wamezaa kigoda, kumbe kigoda kina meno! Akainuka, akanikumbatia, akanong'ona kwamba kwa tusi kama lile nimekomboa kichwa, shingo na wajukuu wangu. Ndoo akamwagia Shemeji Kipriani.

Mpiga picha akatoa kichwa kwenye kitambaa. Akasema tayari, ameshapiga.

Tukamwuliza amepiga lini. Akasema yule mtoto alipofungua mdomo.

Jumapili, 8 Julai

Nimeamka nikiwa na kicho cha nafsi yangu. Watu niliokuwa siwajui wananisalimia njiani kwa jina. Wananiomba nirudie ile ya shamba. Bi Mwantumu anawasimulia wapita njia kana kwamba ni yeye aliyenifundisha.

Nimetafakari sana sauti ile ilitoka wapi. Jibu ni wazi. Ilitoka upande wa kulia. Upande wa kushoto ulikuwa umeloa tangu Ijumaa, usingeweza kitu. Kwa hiyo mawimbi yaliyobaki lazima yatunzwe kuliko mwanzo, maana hayo ndiyo ujasiri wangu wote.

Tena kuna hili. Mpiga picha anasema picha italetwa kwa lori baadaye, si karibuni. Mimi niko katikati, mbele kabisa, mdomo wazi, nusu mawimbi, nusu kichaka. Mara hii naonekana! Lakini picha ikifika nikiwa nimebadilika, nani ataamini kwamba yule ni mimi? Nywele zikae hivi hivi, nusu kwa nusu, mpaka picha ifike. Shule ikifunguliwa kabla yake, nitamweleza Sista.

Mama anasema kichwa kinanuka moshi na majani, na nikioshe leo hii kabla ya chakula. Ameshachota maji. Nilifikiri haraka. Nimemwambia siwezi kugusa maji, homa imerudi.

Ameiweka ndoo chini. Kisha akamwita Bibi.

Nipo kitandani. Mpango unakwenda vizuri. Nje nasikia Bibi anapasua kuni.