Skrini ya Mitsa na Kitambaa Changu cha Kufuma

Jumatatu, 3 Machi
Wameweka skrini kwenye banda la Mitsa. Kubwa, ya kugusa! Sokwe akiweka kidole kwenye picha, muziki unalia, rangi zinamwagika. Daktari Yavora, kabinti ka juzi, anasema itamchangamsha. Tangu dada yake afe, Mitsa anajinyonyoa manyoya ya mkono. Nani alimbembeleza akala tena? Mimi, Rusana, mkata mboga wa bustani hii ya wanyama. Shule sikuiona, herufi nilizijulia kwenye mitungi ya achari, lakini huzuni naijua. Kila asubuhi tunakaa, yeye ndani, mimi nje, kioo katikati, tunatafuna pilipili hoho. Leo hakuja. Anapiga ngoma kwa kidole! Wakubwa wanakuja Ijumaa kutoka mji mkuu, Sofia. Mitsa akiipuuza skrini, inaondoka.
Basi itaondoka.

Jumanne, 4 Machi
Mitsa akiwa uwanjani, nimeingia kufagia. Nimeifunika skrini kwa kitambaa changu cheupe cha kufuma, kile cha juu ya televisheni nyumbani. Kilichofunikwa hivyo hakiguswi. Marehemu mume wangu hakuthubutu. Mitsa kakivaa kichwani! Kaendelea kucheza, kapendeza kama bibi harusi. Wageni wakapiga picha. Yavora akaniuliza, bibi, kitambaa hiki unakijua? Nikamwambia siku hizi vimejaa sokoni.

Jumatano, 5 Machi
Kitunguu saumu! Hata shetani anakikimbia. Nimeipaka skrini yote. Mitsa akanusa, akanitazama, akailamba juu hadi chini. Ulimi ulipopita, muziki ukalia. Yavora akaja mbio akishangilia, eti hajawahi kucheza hivi. Akanikumbatia. Maskini, mifupa mitupu! Nimempa supu ya maharage. Adui naye ana tumbo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimecheza horo mbele ya kioo. Ni ngoma ya kushikana mikono, nami niko peke yangu, leso hewani, goti likilia kuliko zumari. Mitsa hakugeuka. Nimekaa chini, nimelia kidogo. Yavora akachuchumaa, akasema kitambaa alikijua tangu juzi, kinanukia jikoni kwangu. Akasema, bibi wewe, hebu tazama mkono wake. Nikatazama. Kidonda kimekauka. Hajajinyonyoa tangu Jumatatu. Kisha Yavora akatoa simu, akaniambia nikate pilipili kama kawaida, nisiangalie kamera. Nimeiangalia.

Ijumaa, 7 Machi
Wakubwa wamekuja na tai zao. Kwenye skrini kuna picha mpya: mimi! Mitsa akinigusa, natokea, nakata hoho, natafuna. Kaacha ngoma, kaacha rangi. Ananigusa mimi tu, tena na tena. Wakubwa wakapiga makofi. Skrini inabaki. Nimewabusu wote, hata yule mwenye tai ya kijani.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya Wanawake. Yavora kaniletea ua. Nikaenda kwenye kioo na pilipili zangu. Mitsa kanipa mgongo. Anamtazama yule bibi wa kwenye skrini! Nikagonga. Akageuka, akaniangalia kama mtu aliyezibiwa televisheni, akarudi kumtazama yule.
Yule mwanamke simwamini. Tena anatafuna mdomo wazi.
Jioni nimefungua kabati, nimetoa kitambaa cha meza kubwa, ile ya harusi. Hiki hakivaliki kichwani.