Sumaku na Mwizi wa Sukari

Sumaku aliposikia kwamba Mama Bohari anatafuta fundi wa kumnasa mwizi wa sukari, alicheka mpaka chai ikampalia. Mwizi alikuwa yeye. Ndiye aliyefunga kompyuta ya bohari, akajiachia humo mlango wa uani, njia ya siri ya kuingilia mashine akiwa popote, na kwa majivuno yake akaupa jina lake mwenyewe. Kila alipopenda aliingia, akaandika kwamba magunia yameharibika, kisha mkokoteni wake ukaja kuyazoa kama takataka. Sasa alipwe kwa kujitafuta? Mungu ampe nini tena?

Ofisini alimkuta Mama Bohari na mpwa wake, mtunza stoo, macho mekundu kwa kulia.

"Asipopatikana mwingine leo, huyu namkabidhi polisi," mama alisema.

"Shangazi, haki ya Mungu sijagusa hata kijiko."

"Tulieni," alisema Sumaku, akivuta kiti. "Kompyuta huandika kila anayeingia na anachofanya. Mistari ni mingi mno, lakini ipo amri ya kuichuja, inaitwa grep. Mashine haina undugu, mama. Jina litakalobaki ndilo la mwizi."

"Umesema mwenyewe," mama alijibu.

Hila yake ilikuwa nyepesi. Grep ukiipa neno, hubakiza mistari yenye neno hilo tu. Ukiiongezea kialama cha v, hugeuka: huitupa hiyo na kubakiza mingine. Angeandika jina lake pamoja na v, mistari yake isionekane, libaki jina la mpwa tu, na msala uwe wake.

Lakini Sumaku hakuwahi kufanya kazi akiwa amefunga mdomo. Vidole vikikimbia, ulimi ulikuwa ukikisifu kilemba cha mama.

"Una mke, fundi?"

Swali lilimkolea. Akaanza kueleza jinsi anavyotafuta mwanamke mwenye akili ya biashara, akabonyeza kitufe, akawageuzia kioo cha kompyuta bila kukitazama. Ile v hakuiandika.

Mpwa akasoma polepole. "Sumaku ameingia. Sumaku, magunia yameharibika. Sumaku ametoka. Sumaku ameingia..." Akashusha pumzi. "Shangazi, mpaka chini ni yeye tu."

Sumaku akachungulia kioo. "Mama, hapo kuna herufi imeruka."

"Iache huko huko iliko." Mama alikuwa ameshafunga mlango na kukaa mbele yake, anatabasamu kwa raha zote. "Mafundi wote niliowahi kuwaita hapa walinidanganya. Wewe nilikuita unitafutie mwizi, na umeniletea mpaka kitini."