Nani Aliianzisha Drumkeel Rovers?

Jumatatu, 3 Machi 1986

Kamati imenipa mimi kazi ya kuandika historia ya klabu yetu ya soka. Hatimaye! Drumkeel Rovers inatimiza miaka hamsini. Sherehe ni Jumamosi katika ukumbi wa parokia, na msomaji ni mimi, Fintan Geraghty, katibu na muuza vitambaa. Sura ya kwanza tayari: klabu iliasisiwa na babu yangu, marehemu Bartley Geraghty. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nimeng'amua mwenyewe. Nani mwingine katika kijiji hiki alikuwa na akili ya kuanzisha kitu?

Malachy Duignan, anayekata nyasi za uwanja na kuchora mistari (imepinda), akaniuliza mbele ya kamati nzima kama nina ushahidi. Swali la ajabu. Mtu asiyeficha kitu anaulizia ushahidi wa nini?

Jumanne, 4 Machi

Nilikuwa dukani nakunja mashuka. Nikamwona Malachy akitoka nyumbani kwa Concepta Tuohy, mpika chai wetu na mtunza kumbukumbu za klabu. Kitu bapa chini ya koti. Nyaraka! Nikafunga duka, nikamfuata kwa baiskeli. Mvua kubwa. Akaingia kwa padri. Nikangoja dakika arobaini nyuma ya ukuta wa makaburi. Akatoka mikono mitupu na kunipungia.

"Fintan, utapata nimonia hapo, ndugu yangu."

Vitisho, mchana kweupe.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango. Nilikwenda kwa Concepta kwa kisingizio cha kupima mapazia. Alipoingia jikoni kuchemsha maji, nikafungua kabati. Daftari jeusi, na mwandiko wa babu! Ningeutambua popote, herufi zake zimeinama kama watu wanaotembea kwenye upepo. Nikalichomeka ndani ya shati, nyuma, likashikwa na mkanda.

Akarudi na chai na mkate wa zabibu. Sikuweza kuinama kuchukua kikombe. Akaniuliza kama mgongo unaniuma. Nikasema kidogo. Kosa kubwa. Akaleta dawa ya kuchua, ile ya wachezaji, akanitaka nivue shati. Nilitoka nikirudi kinyumenyume hadi getini, namshukuru.

Nimelisoma. Ukurasa wa kwanza: "Jumapili, 11 Oktoba 1936, saa nane. Niko kichakani." Halafu majina ya wachezaji kumi na mmoja, magoli, hali ya hewa. Wiki hadi wiki, msimu mzima! Basi ni yeye aliyekuwa kocha, akiwaongoza kwa siri kutoka kichakani. Ndiyo maana Malachy anatetemeka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempelekea daftari Shangazi Delia athibitishe. Ana miaka themanini na mmoja na yeye ndiye binti pekee wa Bartley aliye hai. Nikamsomea sura yangu ya kwanza. Alicheka mpaka nikamshika asianguke kitini.

"Mwanzilishi? Baba yangu? Mwanangu, baba yangu alikuwa mpelelezi!"

Akanieleza. Miaka ile, chama cha mpira wa Kiayalandi, ule wa kudaka na kupiga ngumi, kiliwakataza wachezaji wake kugusa soka. Mchezo wa Waingereza, walisema. Ukionekana, unafungiwa. Chama kilikuwa na watu wake wa kuchungulia, na babu alikuwa mmoja wao. Aliandika majina yale ili awachongee. Vijana wote kumi na mmoja walicheza huko pia; wangefukuzwa, na Rovers ingekufa kabla ya Krismasi.

Nikamuuliza kwa nini haikufa.

"Jumapili ya tatu," akasema, "babake Concepta alikuwa golini. Kipa mbovu, Mungu amrehemu. Baba akavumilia, akavumilia, akashindwa. Akapiga kelele humo kichakani: 'Toka kwenye mstari, mbumbumbu wewe! Mfuate mshambuliaji!' Wakamtoa kwa kumvuta miguu."

Wakampa chai, basi. Hakuyapeleka majina. Ila kila Jumapili alirudi kichakani palepale. Alisema huko anaona vizuri zaidi.

Sina mwanzilishi. Nina mchongezi! Malachy alijua. Concepta alijua. Wananingoja niaibike jukwaani.

Nimerudi nyumbani na kuwasha jiko. Daftari halitaishi. Nililifungua ili nichane kurasa, zishike moto upesi. Jicho likaangukia Machi 1937: "Tuohy amedaka penalti. Mungu anisamehe, nimeshangilia." Chini yake wino umemwagika, nadhani aliruka.

Sikuweza. Jiko limezimika lenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango mpya: kulirudisha kabatini kwa Concepta yeye akiwa jukwaani, kisha kusoma historia fupi isiyo na babu yeyote. Nilifika ukumbini na daftari ndani ya koti. Kabla sijaketi, Concepta akasimama, macho mekundu. Akasema daftari la mzee Geraghty limepotea. Akasema ndilo kumbukumbu pekee ya msimu wa kwanza, kwa sababu wachezaji wenyewe waliogopa kuandika. Yeye na Malachy walikuwa wamepanga kunishtukiza nalo usiku huu, pamoja na picha. Akaiinua picha yenyewe, padri ameitia fremu: timu ya 1937 na, kwa nyuma, kichaka chenye kofia.

Basi kile kitu bapa kilikuwa picha.

Nikainuka niseme jambo la busara. Daftari likaanguka miguuni pangu, paa!

Malachy akaliokota. Akanitazama. Halafu akawageukia watu.

"Amekuja nalo mwenyewe!" akasema. "Nilidhani Fintan atalificha."

Akaanza kusoma. Walicheka alipofika sehemu ya kichaka. Kwenye penalti ya babake, Concepta alilia, na wazee wawili wakavua kofia. Mtu akapaza sauti kwamba mwandishi wa kwanza wa Rovers alikuwa Geraghty, basi na aendelee Geraghty. Wakapiga kura papo hapo: mimi, mwanahistoria wa klabu, maisha yangu yote. Thelathini na nne kwa sifuri. Malachy alinikumbatia.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka mapema na kufikiri kwa utulivu. Thelathini na nne kwa sifuri? Drumkeel? Kijiji hiki kilibishana miezi minne kuhusu rangi ya soksi. Watu thelathini na nne hawawezi kunikubali bila kupanga kwanza.

Isitoshe, Malachy alinikumbatia kwa muda mrefu mno. Alikuwa anapapasa mifuko yangu.

Kesho nafunga duka mapema. Naanza na padri.